Nahodha Aliyeshika Ndoo

Ugomvi ulianzia harusini, na ugomvi wa harusini hauishii pale pale. Watu huufungasha pamoja na pilau wakaenda nao nyumbani. Siku hiyo Biasha alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake wa kikundi cha mwani cha Ndagoni. Chakula kilikuwa kimechelewa na midomo haina kazi. Akataja kidogo tu, yeye mwenyewe anaapa kilikuwa kidogo, kwamba mwanawe Munira siku hizi anarusha ndege ya kampuni huko Dar es Salaam.

Zuena, wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa akitafuna tambuu. Akaacha kutafuna.

"Anarusha au anahudumia?" akauliza. "Maana mimi juzi nimempigia simu, kaniambia yuko dukani anachukua keki ya mtoto wa bosi."

Mkeka mzima ulicheka. Biasha naye alicheka, lile cheko la kufunika aibu, kisha neno likamponyoka kabla hajalipima.

"Jumamosi ndege yao inatua Kilindoni. Twendeni sote mkaone kwa macho yenu."

Usiulize alivyolala siku zilizofuata. Ndagoni hakuna aliyesahau kwamba Munira alipomaliza shule, Zuena alileta mchumba, mtu wa heshima zake, mwenye duka na pikipiki, na Biasha akamkataa. Alisema mwanangu anataka ndege. Kijiji kilicheka hadi kikachoka. Munira alipopata ufadhili akaenda chuo cha urubani, kicheko kilipungua, lakini hakikuisha. Kilikaa pembeni kikingoja nafasi. Biasha alikuwa amempeleka mtoto wake huko kwa mikono iliyochubuka kwa kufunga mwani kambani tangu asubuhi hadi maji yajae. Kama Munira si rubani, basi mama yake alikuwa mjinga mbele ya kijiji kizima kwa miaka yote hiyo.

Alimpigia simu kumwambia kwamba wanakuja.

"Mama, usije," Munira alisema. Nyuma yake kulisikika mtu akiuliza habari za barafu. "Siku hiyo nitakuwa na kazi nyingi mno, hata kukusalimu vizuri sitaweza. Nitakuja likizo, inshallah."

Kumwambia Biasha asije mahali ni sawa na kumtumia nauli.

Jumamosi walitoka Ndagoni kwa gari la kukodi, wamebanana na vikapu vyao. Maana hawakwenda mikono mitupu. Kwao chombo kikija mara ya kwanza na nahodha mpya, wanawake wa pwani humpelekea chakula cha safari: nazi, mihogo, mikate ya kumimina, ng'onda za samaki wakavu, madafu ya kupooza koo. Ikiwa ndege nayo ni chombo, na ndiyo mara yake ya kwanza kutua kwao, basi nahodha wake apewe haki yake. Tatizo lilikuwa Zuena. Alirudi ndani kubadilisha kanga, akatoka, akarudi tena kutafuta viatu, na walipofika uwanjani ndege ilikwisha kutua zamani. Imesimama kwenye lami, nyeupe, ndogo kuliko walivyodhani, milango wazi. Nani alitua nayo, hakuna aliyeona.

Mlinzi wa geti alikuwa mtu wa Baleni aliyeoa Ndagoni, kwa hiyo ndani waliingia, kwa sharti wakae kivulini kando ya jengo wasisogelee rubani akifanya kazi.

"Rubani mwenyewe yuko wapi?" Mwanahalima aliuliza. Huyu alikuwa shoga wa Biasha tangu utotoni, mama mnene wa kucheka, asiye na kinyongo na mtu yeyote duniani.

Hapo ndipo walipomwona yule bwana. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja chini ya bawa la ndege, miguu mbele, miwani ya jua usoni, shati jeupe lililonyooka. Hakuwa anafanya lolote. Alikuwa akitazama mbali, kama anayefikiria mambo makubwa.

"Yule," alisema Zuena kwa uhakika wa mtu aliyezaliwa kwenye mashua.

"Si yule!" Biasha alisema. "Rubani ni Munira!"

"Haya, Munira yuko wapi?"

Na Mungu naye ana mizaha yake, maana wakati huo huo Munira alitokea nyuma ya ndege. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, amevaa kizibao cha njano cha kung'aa kama cha watu wa barabarani, mkono mmoja ndoo, mwingine tambara. Akapanda ngazi, akaanza kufuta matope kwenye zulia la ndege.

"Huyo hapo," Biasha alisema, na sauti ilimpungua njiani.

Wanawake walitazamana. Hawakucheka mara moja, wakijaribu kumsitiri, lakini kicheko ni kama chafya. Mwanahalima alimshika bega kwa upole.

"Mwenzangu, usiumie. Ni kazi ya halali. Lakini wewe umeona wapi nahodha kashika ndoo?"

Na hilo ndilo lililomkata Biasha, kwa sababu hakuwahi kuona. Babake alikuwa nahodha, na kakake pia. Nahodha hukaa nyuma na usukani wake. Kuvuta tanga ni kwa mabaharia, kubeba shehena ni kwa mabaharia, na kufua kwa ndoo maji yaliyoingia chomboni ni kwa baharia mdogo kuliko wote. Mwenye ndoo ndiye wa mwisho. Mtoto mchanga wa Ndagoni anajua hivyo, na wanawake wote pale walikuwa wamekijua chombo kabla hawajaijua alfabeti.

Mwanahalima alijitwika kikapu, akaongoza msafara hadi chini ya bawa. Yeye angeweza kumzaa yule bwana, lakini cheo ni cheo.

"Shikamoo, nahodha!"

Jina lake lilikuwa Sadick, afisa uhusiano wa kampuni. Alikuwa amebaki pale kwa sababu bosi na wageni wake walikwenda kwa boti kuona mashamba ya mwani upande wa Juani, na yeye akiona boti tu tumbo humgeuka. Basi ghafla wanawake wazima wanampa shikamoo na vikapu. Mtu mwingine angeuliza. Sadick alikuwa mtu wa kupenda kuheshimiwa, akaona ni adabu za kisiwani.

"Marahaba, mama zangu, marahaba."

"Safari ilikuwaje?"

"Safi kabisa. Tumekuja na hewa nzuri, tukapita juu ya Rufiji, tukatua bila shida."

"Mashallah!" wakasema, na vikapu vikashuka miguuni pake: nazi, mihogo, ng'onda, mikate. Hakusema uongo hata neno moja, na hilo ndilo lilimwudhi Biasha zaidi baadaye, kwamba hakukuwa na mtu wa kumlaumu.

Biasha hakuweka kikapu chake. Alikwenda upande wa pili wa ndege. Munira alikuwa ameshuka, sasa anazungusha mkono wa pampu kwenye pipa la mafuta, jasho linamtiririka. Alipomwona mama yake aliacha pampu, akamkumbatia kwa viwiko ili asimpake mafuta.

"Shikamoo, mama. Nilijua tu utakuja."

"Marahaba, mwanangu. Kwani hawa wengine hawana mikono?"

Munira alicheka. Alikuwa na cheko la babake, linaloanza machoni. "Ndege ndogo, mama, rubani ni mmoja. Kila kisicho na mwenyewe ni changu. Kwenye mkataba wameandika kazi zangu vizuri, kisha mwisho wakaweka mstari mmoja, 'na kazi nyingine atakazopangiwa.' Basi kazi ni hizo nyingine! Leo nimeamka alfajiri kusoma hali ya hewa, nikapitia barafu, nikapitia vitafunwa, nikamtafutia bosi chaja, nikatafuta boti ya Juani kwa simu, nikapima abiria na mizigo. Katikati hapo nikarusha ndege kidogo."

Simu yake ililia. Akaisikiliza. "Ndiyo, bosi. Pweza wamepatikana, bosi. Ndiyo, hata wa mama mkwe. Kanzu? Naipiga pasi sasa hivi, bosi."

"Kanzu?" Biasha aliuliza.

"Ana nikaha ya mpwa wake leo Dar baada ya Isha. Anataka ashuke ameshavaa."

Naye akaingia jengoni kuazima pasi. Wanawake wote waliokaa kivulini walimwona dirishani akinyoosha kanzu ya mwanamume. Zuena hakujizuia.

"Mume walimkataa, na kanzu bado anaipiga pasi! Tena ya bwana wa watu!"

Biasha alihisi joto limempanda masikioni. Munira alipotoka na kanzu imening'inia kidoleni, mama alimfuata hatua mbili, na swali likamtoka, swali ambalo angetoa jino ili alirudishe kinywani.

"Munira, mwanangu. Lakini ndege hii, unairusha wewe?"

Munira alisimama. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alimtazama mama yake kama mtu aliyefika nyumbani akakuta kitasa kimebadilishwa. Akafungua mdomo, na simu ikalia tena, akaondoka na kanzu yake.

Biasha alirudi kukaa kivulini na kikapu chake mapajani. Alijichukia. Alikuwa amebishana na kijiji kizima kwa miaka, na mtu wa mwisho kusalimu amri alikuwa yeye.

Bosi alirudi alasiri, suruali imelowa hadi magotini, uso umeng'aa kwa furaha. Bwana Luqmani alikuwa mtu wa Kilwa, mfanyabiashara mchangamfu asiyeweza kusimama mahali pamoja, na nyuma yake walikuja wanunuzi wawili wa mwani na masanduku ya barafu yenye pweza na kamba.

"Munira, twende, twende! Kanzu yangu iko wapi? Jua hilo linakwenda!"

Munira alikuwa ameweka mzani wake mdogo kwenye lami. "Kila mtu apande hapa tena, bosi. Na kila mzigo."

"Si ulitupima asubuhi?"

"Asubuhi hamkuwa na pweza."

Walipanda mmoja mmoja, wakinung'unika kama wagonjwa wa kliniki. Masanduku yakapimwa. Vikapu vya Ndagoni vikapimwa, kimoja baada ya kingine, na Munira aliviangalia kwa mshangao maana hakujua vimefikaje hapo. Akajumlisha kichwani, akajumlisha tena, akatikisa kichwa.

"Hatuendi."

"Nini?"

"Ni nzito, bosi. Kuna mafuta, mna pweza, mna nusu ya shamba la Ndagoni. Kitu kishuke."

"Shusha hizo nazi!"

Kivulini pale palilipuka. Wanawake wote walisimama kwa pamoja. "Hazishuki!" Mwanahalima alipiga kelele. "Chakula cha nahodha hakirudi pwani! Mnatutakia mkosi?"

Bwana Luqmani aliinua mikono. Alikuwa mtoto wa pwani vilevile. Angezishusha, bibi yake angefufuka amgombeze. "Basi, basi, mama, hazishuki. Munira, pweza nao siwezi. Mama mkwe wangu ameshawaalika majirani."

"Basi mtu ashuke," Munira alisema. "Na mmoja wenu wawili wenye mwili, maana hawa wageni hata nikiwashusha wote wawili haisaidii."

Bwana Luqmani alimtazama Sadick. Sadick alimtazama Bwana Luqmani. Kulikuwa ni kutazamana kwa kusikitisha kidogo.

"Sasa Munira," bosi alisema, akijaribu kucheka, "tubanane tu. Ni mwendo mfupi. Na ndege ni yangu mimi."

"Ni yako, bosi. Ikiwa chini."

Alilisema bila ukali, huku anakunja mzani. Hakupandisha sauti. Na Bwana Luqmani, aliyekuwa ametuma watu tangu asubuhi, akitia mkono huku na kidole kule, akairudisha mikono yake mfukoni.

"Sadick," akasema, "wewe baki. Kapteni atakuja kukuchukua kesho asubuhi."

Kivulini vichwa vyote vilimgeukia Munira. Wanawake wa Ndagoni hawakujua mambo ya ndege, lakini hilo walilijua tangu utoto. Chombo kikizidi uzito, wanaweza kupiga kelele matajiri, wanaweza kulia wenye mizigo, na mwenye chombo anaweza kuapa kwa jina la babake. Anayesema nani abaki pwani ni mmoja tu.

"Zuena," Mwanahalima alinong'ona, na kunong'ona kwake kulisikika hadi getini, "yule tuliyempa mihogo kashushwa."

Tambuu la Zuena lilikuwa limeganda shavuni.

Munira aliingia ndani ya ndege. Alipotoka alikuwa amevua kizibao na kitambaa cha kazi. Amevaa mtandio mweusi uliokaa sawasawa, na shati jeupe lenye mistari ya dhahabu mabegani, ambalo tangu asubuhi lilikuwa limening'inia ndani lisichafuke. Alizunguka ndege polepole, akagusa bawa, akagusa gurudumu, akainama akachungulia chini. Kisha alikwenda moja kwa moja kwa mama yake.

Biasha alisimama.

"Nisamehe, mwanangu," alisema tu.

"Mama, hata mimi siku nyingine saa za mchana najiuliza kama mimi ni rubani." Munira alicheka, machoni kwanza, na Biasha akajua kwamba amesamehewa. "Kesho nitalala? Hapana, kesho nakuja asubuhi, nakunywa chai kwako, namchukua Sadick. Leo mhifadhi, anaogopa maji na anakula sana. Sasa sogeeni nyuma ya uzio. Na wewe usimame pale mwisho, upande wa kushoto."

Akachukua kikapu mikononi mwa mama yake, kile ambacho hakikupewa mtu, akatoa mkate mmoja wa kumimina, akakirudisha. "Huu hauzidishi uzito," akasema.

Walisogea. Sadick alikuja kusimama nao, mnyonge, kiti chake cha kukunja kwapani. Walimwona Munira akipanda kwa mlango wa mbele, akafunga mwenyewe. Injini ikaguruma, kanga zikapeperuka, Zuena akakishika kiatu chake kilichotaka kumtoka. Ndege ikageuka, ikaja polepole ikipita mbele ya uzio.

"Ala! Sasa nani anaiendesha?" mmoja wao aliuliza kwa sauti ya kushinda injini, maana wapo watu wa kuchelewa.

Sadick alimgeukia kwa mshangao wa kweli. "Kapteni Munira. Kwani mlidhani nani?"

Wanawake wakaanza kurekebisha kanga zao.

Ilipofika mwisho wa uzio, Biasha alimwona. Dirisha la kushoto, karibu kabisa, uso wa mwanawe na vile vitu masikioni. Nyuma yake Bwana Luqmani alikuwa amekaa na kanzu yake iliyonyooka, amefungwa mkanda, mikono mapajani kama mwanafunzi. Siku nzima hakuna dakika ambayo mtu hakumwita Munira. Munira barafu, Munira pweza, Munira pasi. Sasa hakuna wa kumwita.

"Mpungie mkono!" Mwanahalima alimsukuma. "Mwite! Munira! Muniraaa!"

Munira hakugeuka. Macho yake yalikuwa mbele, kwenye lami, na uso wake ulikuwa umetulia kiasi kwamba Biasha alimwona babake mwenyewe amekaa nyuma na usukani, mtu ambaye hata mawimbi yalimngoja amalize kufikiri. Ndege ilikimbia, ikapiga kelele, ikaliacha joto la lami likitetemeka, ikainuka juu ya minazi.

Vigelegele vya kwanza vilitoka kwa Zuena. Ndiyo, kwa Zuena. Vilitoka virefu kuliko vya harusini, na alipomaliza alipiga kifua. "Mtoto wa kaka yangu yule! Damu yetu hiyo! Mimi nilisema tangu zamani!"

Wanawake walimgeukia Biasha wakingoja amjibu. Alikuwa na majibu ya miaka mingi, yamekaa tayari kama risasi. Lakini machozi yalikuwa yanamshuka na alikuwa anacheka, na vitu hivyo viwili havikumwachia nafasi ya cha tatu. Mwanahalima bado alikuwa akiruka, akipunga kanga hewani, akiita jina la Munira hadi sauti inakwaruza.

Biasha alimshika mkono, akaushusha taratibu.

"Usimwite," alisema. "Mwache afanye kazi yake."